Tabaka Nyembamba, Moto Mdogo

Tanuri la maabara liliachishwa kazi siku ya Jumatatu, kisa kibandiko chake cha namba kilikuwa kimebanduka. Halikuwa bovu. Lilikuwa likiwaka vizuri tu. Lakini Bwana Stoo, aliyekuwa akipita chumba kwa chumba kuhakiki mali ya taasisi, alilizunguka, akainama, akachungulia hata uvunguni, kisha akasimama na kutikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari mbaya za jamaa yake.

"Tanuri hili halipo," alisema.

"Umeliegemea," mtafiti alimwambia.

"Mimi nipo. Tanuri ndilo halipo. Kitu kisicho na namba hakipo, mama. Hata wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo."

"Kamati inakuja Ijumaa, na vipande vyangu viwili havijapikwa. Nitavipikia wapi?"

"Omba tanuri jipya."

"Litakuja lini?"

"Baada ya kuthibitishwa kwamba hili halipo."

Wakaja vibarua wawili wakalibeba tanuri lisilokuwapo. Kwa kitu kisichokuwapo lilikuwa zito kweli, maana walipumzika mara mbili kwenye ngazi na mmoja wao alilitukana.

Mtafiti huyu kazini walimwita Moto Mdogo. Jina hilo alilipata kwa sababu watu wakichemka kwenye mkutano, au mtu akisahau birika kwenye jiko, neno lake lilikuwa hilo hilo moja: moto mdogo, jamani. Na ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa akilaza tabaka za chuma na antimoni, madini yenye sumu, juu ya kipande cha kioo, moja juu ya nyingine, kila tabaka nyembamba kiasi kwamba jicho halina habari nayo, kisha anazipasha joto la chini mpaka ziungane na kujipanga kuwa fuwele ambayo maumbile hayana desturi ya kuitengeneza. Fuwele hiyo ukiipa joto upande mmoja na baridi upande wa pili, inatoa umeme kidogo. Siri yote ilikuwa kwenye moto. Ukiwa mdogo, kila chembe inashikana na jirani yake kwa kuwa haina nguvu ya kwenda mbali. Ukizidi, chembe zinapata mbio, kila moja inashika njia yake, na unachotoa tanurini ni vitu vya kawaida visivyomsaidia mtu.

Mkurugenzi hakuwa na muda wa kusikia habari za chembe. Alikuwa ameshamweleza jambo lenyewe kwa ufupi, akiwa amesimama na mkono kwenye kitasa cha mlango. "Ijumaa, mbele ya kamati, sindano ya mita ikicheza, mradi unaendelea. Isipocheza, mradi unafungwa. Na ile nyumba mnayokaa ni nyumba ya mradi, si nyumba yako. Umenielewa?"

Alimwelewa vizuri sana. Ndani ya nyumba hiyo walikuwa wanaishi yeye, mumewe na mama wa mumewe, pamoja na oveni iliyowalisha wote watatu mishahara ilipochelewa.

 

"Unataka kupika kioo kwenye oveni yangu," mumewe alisema.

Mumewe alijulikana mtaa mzima kama Fundi Keki. Alikuwa amesimama jikoni mikono imejaa unga, akimtazama mkewe kama anayetazama mteja anayeomba keki ya mkopo.

"Kwa moto mdogo," alisema mkewe. "Nyuzi mia na hamsini, kutwa nzima. Tanuri la maabara wamelichukua."

"Na keki ya Mkurugenzi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkurugenzi huyo huyo alikuwa amemwagiza Fundi Keki keki ya kuikaribisha kamati hiyo hiyo siku hiyo hiyo, na hakutaka keki ya kawaida. Alitaka jengo la taasisi, ghorofa tatu, lenye madirisha, na dirisha la ofisi yake liwe na taa. Malipo yangefuata utaratibu. Kila aliyewahi kuuza kitu pale alijua kwamba utaratibu huo hauna miguu, lakini Fundi Keki alikuwa na hamu na kazi ile kuliko malipo. Watu wakubwa wangeila keki yake wakauliza imetoka wapi.

"Haviwezi kuingia pamoja?" aliuliza.

"Kioo kimo ndani ya kichupa kilichozibwa, lakini kichupa kikipasuka, keki yako ni sumu. Utaiua kamati."

"Zipo kamati zinastahili," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake mlangoni.

"Mama!"

"Nimesema zipo. Sikusema hii."

Bibi huyu alikuwa anaongea tangu anapoamka mpaka anapolala, na akikosa wa kuongea naye anaongea na sufuria. Alikuwa ameshahama nyumba na mwanawe mara nyingi, kila safari akibeba kigoda kile kile. Sasa aliketi akisugua viganja vyake. "Mimi sihami tena," alisema. "Nikihama tena, nitahamia chini ya udongo. Na hii mikono yangu ilivyo ya baridi, hata sijui kama bado nipo juu. Uzee ni jivu tu, mwanangu."

Walikuwa wamezoea kutomjibu, na yeye alikuwa amezoea kuendelea.

Wakakubaliana: Jumatano oveni ya mke, Alhamisi oveni ya mume. Vipande vilikuwa viwili. Mtafiti angepika kimoja, cha pili kikae akiba. Fundi Keki akanawa mikono, akakitazama kile kichupa kwenye mwanga. Ndani yake kipande cha kioo kilikuwa kinang'aa kama kioo cheusi cha kujitazamia.

"Hiyo fuwele yako ikishajipanga, imetulia moja kwa moja?"

Mkewe alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutoa mifano. "Imetulia kama mgeni aliyekaa kwenye ncha ya kiti," alisema. "Ukimwacha hivyo hivyo, atakaa miaka. Ukimwendea kwa vishindo, anaondoka."

Alikuwa anazungumzia joto. Lakini alimwambia hayo mtu ambaye katika maisha yake alishaona keki nyingi zikinywea kwa sababu ya mlango uliobamizwa. Fundi Keki alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwenye uzoefu. Alielewa kabisa, na ndilo lilikuwa kosa lake.

 

Jumatano asubuhi mtafiti alikiweka kichupa ndani ya trei nyuma kabisa ya oveni, akautuliza moto, akaungoja mpaka akaridhika nao, kisha akaenda kazini. Wafanyakazi wote walikuwa wameitwa kwenye mkutano wa lazima wa kufundishwa namna ya kuinuka kamati itakapoingia.

Alipotoka tu, mumewe alianza kazi. Alifunga vitambaa kwenye bawaba za milango. Alivua viatu, akavaa soksi mbili mbili. Akaitoa saa ya ukutani, akaifunika kwa mto. Kisha akampigia mama yake magoti.

"Mama, nakuomba. Leo usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme chochote. Wala kukohoa. Kile kitu kikisikia kishindo kinaanguka, na kikianguka tunahama."

Neno kuhama lilimtosha bibi. Alifunga mdomo kwa kiganja, akakaa kwenye kigoda. Kikohozi kilimjia muda si mrefu, kama kilivyo kikohozi cha mtu aliyekatazwa, naye akakimeza, na machozi yakaanza kumtoka.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na fundi wa kuchomelea mageti, na siku hiyo alikuwa akinyoosha chuma kwa nyundo. Fundi Keki alivuka na soksi zake, amebeba keki ndogo kwenye sahani.

"Ndugu yangu," alinong'ona, "chukua hii, unipumzishie nyundo leo."

"Kuna nini kwako?"

"Hakuna kitu."

"Mbona unanong'ona?"

"Leo hatuwezi kusema kwa sauti."

Fundi wa mageti aliitazama keki, akazitazama soksi, akatazama ng'ambo akamwona bibi mlangoni, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka. Aliweka nyundo chini taratibu, akavua kofia.

"Poleni sana," alisema.

"Asante," Fundi Keki alijibu kwa haraka, maana alikuwa ameshasikia muziki wa kinyozi kule mwisho wa barabara, akaondoka kwenda kuuzima.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyundo ile haikuwahi kunyamaza mchana wa siku ya kazi, na iliponyamaza mtaa mzima ulitoa vichwa madirishani. Fundi wa mageti alimweleza muuza mkaa, muuza mkaa akamweleza mtu aliyekuwa akinunua mkaa, na huyo alikuwa Bi Sufuria.

Bi Sufuria hakuwa na cheo, lakini mtaani pale hapakuwa na msiba wala sherehe iliyopikwa bila yeye. Alikuwa na sufuria yake mwenyewe, ambayo watu wawili hawakuweza kuiinua, na alikuwa haulizi maswali mlangoni. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na wanawake watatu, mwiko, na kuku wawili walionyonyolewa.

Bibi alipowaona alishtuka, akasimama. Hakusema, alikuwa ameahidi. Alionyesha jikoni kwa kidole, akatikisa kichwa kwa nguvu, akaweka kidole mdomoni, akaonyesha tena jikoni, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tumeelewa, bibi yetu," alisema Bi Sufuria, na machozi yalimlenga naye. "Usijisumbue. Tutaanzia jikoni."

Bibi akatikisa kichwa zaidi. Mmoja wa wale wanawake akamkumbatia, akamkalisha.

Jikoni Bi Sufuria aliinama mbele ya oveni, akauona moto. "Moto gani huu wa kuomba radhi?" alisema. "Wafiwa maskini, hata moto umewashinda." Akasukuma trei ya kuku ndani, akakizungusha kitufe mpaka mwisho.

 

Mtafiti aliporudi mchana alikuta viatu vimejaa mlangoni. Uani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, vichwa chini. Fundi wa mageti alikuwa ameleta viti. Watu walimpisha bila kusema neno, na kupishwa kule kulimtia hofu. Hakuwaza fuwele. Alimwaza mumewe, kwamba gari limemgonga, kwamba gesi imemlipukia. Alikimbilia ndani akamkuta mama mkwe kwenye kigoda, yu hai, amezungukwa.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

Bibi alionyesha nje. Huko nje mumewe, aliyekuwa akizunguka mtaa tangu asubuhi kuzima kelele bila kurudi nyumbani, alikuwa akimsihi dereva wa gari la taka asipige honi.

Bi Sufuria alitokea jikoni akijifuta mikono. "Pole, mwanangu. Jikaze. Ni nani hasa?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki. Tulikuwa tunakusubiri wewe utuambie."

Ndipo mtafiti aliposikia harufu ya kuku wa kuchoma. Aliipita sauti ya Bi Sufuria, akafungua oveni, na joto likampiga usoni. Alikivuta kichupa nyuma ya kuku kwa koleo. Kilikuwa kizima. Lakini kile kipande ndani, kilichong'aa asubuhi, kilikuwa na rangi ya jivu, mabaka mabaka.

"Imekufa," alisema.

Wanawake wote wakaangua kilio. Walikuwa wamekizuia tangu walipofika, wakingoja neno hilo tu, na uani wanaume nao wakainuka kwa heshima.

Ilichukua muda mrefu kuwaeleza watu kwamba hakuna maiti. Wengine waliondoka wakiamini wanafichwa. Kuku nao walizua balaa lao. Mtafiti alisema hawaliwi, kwa kuwa walikaa chumba kimoja na antimoni.

"Hicho kichupa kimepasuka?" aliuliza Bi Sufuria.

"Hakijapasuka, lakini siwezi kuapa. Watupwe."

"Kuku wazima kwa kigae cha kioo!" Bi Sufuria alibeba sufuria yake. "Nimepika misiba ya mtaa huu wote, sijawahi kuambiwa marehemu ni kioo." Akaondoka bila kuaga.

 

Walipobaki watatu, mtafiti alikaa chini sakafuni.

"Nani alikwambia nyumba inyamaze?"

"Wewe," alisema mumewe. "Mgeni kwenye ncha ya kiti. Vishindo."

"Joto! Nilikuwa nasema joto! Ungeweza kupiga ngoma juu ya oveni, baba, isingejua!"

"Sasa ungesema joto. Mimi mtu akiniambia vishindo, nazuia vishindo. Nimebembeleza mtu wa gari la taka! Nimevaa soksi hadharani!"

Mkewe alianza kulia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Alimpenda mume huyu na alitamani kumpiga na trei.

"Mngeniacha niseme," alisema mama mkwe.

Wote wawili walimgeukia. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kikohozi alichokimeza.

"Waliingia mbele yangu. Neno moja tu lilitosha. Lakini tangu nije kwenu, mama nyamaza, mtoto wa watu anasoma. Mama nyamaza, kuna mteja. Leo nimenyamaza kama mlivyotaka. Mmefaidi?"

Fundi Keki alikaa chini karibu na mkewe, akaanza kuvua soksi, moja baada ya nyingine, zote nne.

"Kipo kile cha pili," alisema baadaye.

"Kinataka oveni kutwa nzima. Kesho ni siku yako."

"Najua ni siku ya nani." Alizikunja soksi vizuri kuliko zilivyostahili. "Chukua."

"Na keki? Mkurugenzi atakumaliza."

"Keki nimeoka nyingi. Nyumba sijui kuoka."

Mkewe alimshika mkono wenye unga. Haukuwa uamuzi mdogo kwa mume, na mke aliona namna alivyokuwa akikwepa kutazama makopo ya sukari ya rangi aliyoyanunua kwa ajili ya madirisha.

"Kwani keki lazima iingie ndani ya oveni?" aliuliza mama mkwe. "Huyu mkeo si kila siku anatuambia habari za tabaka nyembamba? Kaanga chapati za mayai, nyembamba. Panga moja, paka krimu, panga nyingine. Zikifika urefu wa ghorofa, kata madirisha."

Mwanawe aliinuka akaanza kuhesabu mayai. Miaka yote hiyo ilikuwa ni mara ya kwanza kwake kufuata neno la mama yake bila kulipinga.

 

Alhamisi jiko la mkaa liliwashwa uani, na bibi akakabidhiwa kikaango. Haukupita muda, mlango wa nyuma ukagongwa. Bi Sufuria aliingia na vikaango vyake viwili.

"Sikuja kuomba radhi," alisema. "Nimekuja kwa sababu nimeona moshi, na mkaa wenu mmeuwasha vibaya."

"Karibu," alisema mtafiti. "Oveni usiiguse."

"Hata ukinilipa."

Walikaanga kutwa. Bibi aliongea kutwa, tena bila kituo, akawasimulia nyumba zote alizohama na makosa ya kila mwenye nyumba. Ng'ambo nyundo ya mageti ililia kwa fidia ya siku mbili. Muziki wa kinyozi ulifika mpaka jikoni. Mtafiti alikaa kwenye kigoda cha mama mkwe mbele ya oveni, akiulinda moto wake mdogo, na kelele zote hizo zikapita juu yake bila kumdhuru yeye wala chembe zake. Mchana alichungulia: kipande kilikuwa bado kinang'aa. Jioni alizima, akakiacha kipoe chenyewe taratibu. Jengo la taasisi nalo lilikuwa limesimama mezani, chapati juu ya chapati, limeinama kidogo upande wa ofisi ya Mkurugenzi.

 

Kamati iliingia Ijumaa, wote wakainuka kama walivyofundishwa. Chumba kilikuwa na baridi kali ya kiyoyozi. Mezani palikuwa na fuwele juu ya kipande chake cha kioo, ncha moja imelala kwenye bati la shaba lililokaa juu ya barafu, ncha ya pili kwenye bati jingine lililotakiwa kupashwa joto na heta ndogo. Waya mbili zilikwenda kwenye mita. Mlangoni alisimama Fundi Keki ameshika upande mmoja wa trei ya keki, na mama yake upande wa pili, kwa kuwa ghorofa ya juu ilikuwa na tabia ya kuteleza.

Mtafiti alipoinua waya wa heta, Bwana Stoo alikohoa pembeni.

"Samahani. Heta hiyo haina namba."

Mkurugenzi alimtazama mtafiti, si Bwana Stoo. "Unaleta vifaa visivyokuwapo mbele ya kamati?"

Heta ikatolewa. Masikio ya mtafiti yalipata moto kwa aibu. Alitazama huku na huku, akaona kikombe cha chai mbele ya Mwenyekiti wa kamati, kinatoa mvuke.

"Mheshimiwa, naomba kuazima chai yako."

"Chai yangu?"

"Kikombe tu. Nikiweke hapa juu."

Mwenyekiti alikitoa kwa wasiwasi. Kikombe kikakaa juu ya bati, na sindano, baada ya kufikiri kidogo, ikaanza kupanda. Wajumbe wakasogea. Mtafiti alianza kueleza habari za tabaka, na Mwenyekiti, aliyekuwa anasikiliza kwa makini sana, alinyoosha mkono bila kutazama, akachukua kikombe, akanywa.

Sindano ikalala.

"Imekuwaje?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mheshimiwa amekunywa joto," alisema mtafiti.

Kikombe kikajazwa tena, sindano ikapanda, maelezo yakaendelea, na Mwenyekiti, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukaa mkutanoni na kikombe kilichojaa, akakinywa tena. Safari ya tatu chupa ya chai ilitoa matone. Sindano ikalala kabisa.

"Kwa kifupi," alisema Mkurugenzi, "chai ikiisha, umeme umeisha. Nadhani kamati imeona." Alianza kukusanya makaratasi yake. Fundi Keki aliangalia sakafu.

"Nishikie," bibi alimwambia mwanawe, akamwachia trei nzima. Alitembea mpaka mezani bila kushikwa mkono na mtu, akaweka kiganja chake juu ya bati pale kikombe kilipokuwa.

"Mama, hiyo mikono ni ya baridi," mwanawe alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu."

Sindano ilitikisika. Ikatoka pale ilipolala, ikapanda polepole. Haikufika ilikofika kwa chai. Lakini ilipofika ilipofika, ilibaki, na hapakuwa na wa kuinywa.

"Kumbe bado nina moto," alisema bibi, na hakuwa anamwambia mtu.

Mwenyekiti aliinuka. "Hebu na mimi." Akaweka kiganja, sindano ikapanda vizuri, maana chai yote ilikuwa mwilini mwake. Mjumbe wa kulia akataka, wa kushoto akataka. Katika muda mfupi kamati nzima ilikuwa imepanga foleni, makoti yamevuliwa, watu wazima wanapikicha viganja kwa siri kabla ya zamu zao na kubishana nani kampita nani. Mkurugenzi alipolazimishwa, aliweka mkono uliokuwa umekaa chini ya kiyoyozi tangu asubuhi. Sindano iliinua kichwa kidogo, ikamtazama, ikalala.

"Mita imechoka," alisema.

Hakuna aliyemuunga mkono. Mwenyekiti alikuwa anacheka mpaka anafuta macho. "Mradi unaendelea," alisema. "Mwakani nataka kujipima tena. Na huyu bibi, aliyetueleza foleni nzima kwamba hahami tena nyumba ya mradi, asihamishwe. Leteni hiyo keki, mbona imeinama?"

Keki ikakatwa. Mtafiti alimshika mumewe mkono hadharani, jambo ambalo halikuwa limefundishwa kwenye mkutano.

Bwana Stoo peke yake hakula. Alikuwa na wajibu wa kuhakiki vifaa vyote vilivyotumika, akavihesabu kwa sauti: kioo, kina namba, mita, ina namba, mabati mawili, yana namba, barafu, imeyeyuka. Kisha akafika kwenye chanzo cha joto. Bibi alikuwa amekaa karibu na meza. Bwana Stoo alimtazama kichwani, akamtazama mikononi, akamzunguka.

"Huyu hana namba," alisema.

Mtafiti alifungua mdomo. Fundi Keki naye akafungua mdomo. Bibi aliwainulia wote wawili kidole, akakiweka mdomoni mwake kama alivyofanya Jumatano, nao wakanyamaza. Kisha akarudisha kiganja juu ya bati.

"Andika," alimwambia Bwana Stoo, huku sindano ikipanda. "Nipo."